Dawa ya kumlaza paka dume ukitaka kumtoa mbegu: ninavyofanya hapa Tanga

Watu wengi wakisikia paka katolewa mbegu, yaani shahawa zake zimechukuliwa, wanadhani dawa ya kulaza ni ya kumtuliza tu asikuparure, alafu kazi yenyewe ya kutoa mbegu inakuja baadae kwa mkono au kwa mashine. Kwa ng'ombe na mbuzi sawa, dume anapandishwa kwenye dume mwenzie au kwenye kiti, mtu anakinga na uke wa bandia, kazi imeisha na hakuna aliyelala. Kwa paka, kwa njia ninayoieleza hapa, dawa ndo inayotoa mbegu. Ukishachagua dawa umeshachagua njia, na ukikosea dawa paka atalala fofofo mezani saa nzima na hutapata hata unyevu. Nimeona wenzangu wakilaumu mpira ule mwembamba wa kuingiza njia ya mkojo, wakilaumu paka, wakilaumu mikono yao, kumbe kosa lilishafanyika kwenye chupa waliyoichukua kabatini.

Naandika kwa madaktari wa mifugo wenzangu wa mikoani na vijana wanaotoka SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambao wamejifunza uhimilishaji wa ng'ombe, yaani kumpandikiza jike mbegu bila dume, vizuri sana ila paka wamemgusa juujuu. Wenye paka pia someni, mjue paka wenu anafanyiwa nini, maana mna haki ya kuuliza. Ila hizi dawa usinunue ukajaribu nyumbani, hata kama muuza duka la mifugo kakubali kukuuzia. Kwa Sheria ya Veterinari ya 2003 kazi ya daktari wa mifugo inafanywa na mtu aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na ukiacha sheria kando, dawa hizi zinashusha mapigo ya moyo kwa kasi ambayo mtu asiyejua atadhani paka kafa, au paka atakufa yeye akadhani kalala.

Kwanini mtu amtoe paka mbegu

Swali hili huwa nalipata kila nikilitaja jambo hili mtaani, wengine wanacheka, wengine wanaona kama dhambi. Sababu ya kawaida kwangu ni mtu ana dume wa Kiajemi kamnunua kwa hela nyingi, kampandisha kwa majike matatu na hakuna aliyeshika mimba, anataka kujua shida iko wapi. Sababu nyingine ni kubwa kuliko paka wa nyumbani. Paka huyu tunayemfukuza kwenye samaki pale soko la Deep Sea ndo kitabu cha kujifunzia jamii yote ya paka, mpaka simba na chui walioko Saadani hapo jirani. Mwaka 1987 ilichapishwa kazi kubwa iliyolinganisha mbegu za simba wa Serengeti na za simba wa kreta ya Ngorongoro, wale wa kreta ambao kizazi chao kilikatika karibu chote mwaka 1962 kwa nzi wanaouma, wakabaki wachache wakazaana wenyewe kwa wenyewe, na ikaonekana mbegu zao zina maumbo mabaya mengi kuliko za wenzao wa Serengeti. Hiyo ilijulikana kwa sababu kuna mtu alijua kumlaza simba na kumtoa mbegu. Kwa hiyo ukijifunza vizuri kwa paka wa kilo nne, unajifunza kitu ambacho nchi hii inakihitaji.

Dawa gani na kwanini

Mbegu za paka zinakaa kwenye mrija wa kuhifadhia uliojikunja nyuma ya kende. Ili zitoke pale zije kwenye njia ya mkojo inabidi misuli laini ya ile mirija ijikaze, na kinachoiamuru ijikaze ni mishipa ileile ya fahamu inayokupandisha mapigo ukiogopa, kupitia vipokezi vinavyoitwa alfa. Sasa kuna kundi la dawa za kulaza zinazofanya kazi hukohuko kwenye alfa: medetomidini, deksmedetomidini na zailazini. Zinamlaza mnyama kwa kugusa alfa-2 kwenye ubongo, ila zikipewa kwa kipimo kikubwa zinagusa pia misuli ya mirija, mirija inajikaza, mbegu zinasukumwa mpaka kwenye njia ya mkojo na kukaa pale zikikusubiri. Paka hamwagi nje ukaona. Zinasimama ndani, wewe unazifuata na mpira mwembamba. Farasi dume ndo utaona kwa macho, akichomwa zailazini anaweza kumwaga peke yake bila jike wala mkono wa mtu, na hilo linatumika kweli kwa madume walioumia mgongo hawawezi kupanda.

Waliolifanyia kazi jambo hili kwa paka ni kina Zambelli wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia. Mwaka 2007 walilinganisha ketamini, dawa nyingine ya kulaza, na medetomidini kwa paka waliotolewa mbegu kwa umeme, na waliopewa medetomidini walitoa mbegu nyingi zaidi. Wakaenda mbele wakaacha umeme kabisa, wakachoma medetomidini, wakaingiza mpira, mwaka 2008 wakaonyesha kwamba mbegu hizo zinagandishwa na zinarutubisha yai vizuri tu. Hapo ndo njia hii ilipozaliwa kwetu sisi tusio na mashine.

Ketamini peke yake usiitegemee kwa kazi hii. Inamlaza, ndio, anabaki macho wazi na mwili mkavu kama ubao na mate yanamtoka, ila haisukumi mbegu. Ukiichanganya kidogo na medetomidini kwa dume mkali sana inasaidia kumshika, tatizo ketamini haina dawa ya kuiondoa, ukimwamsha mapema kwenye medetomidini anabaki na ketamini peke yake mwilini, anakakamaa na kutetemeka, ni vibaya kuangalia na ni vibaya kwake. Mi naiacha kama paka ananiruhusu kumchoma sindano moja.

Asepromazini, dawa ya kutuliza, ndo ile ya kuepuka kabisa. Inapendwa kwa sababu ni rahisi na kila mtu anayo, lakini yenyewe inafunga alfa-1, ile alfa ya kwenye misuli ya mirija, yaani inaifungia misuli mlango uleule tunaotaka ufunguke. Nilishafanya kazi sehemu moja, siitaji, ambako kila paka akiingia mlangoni alipigwa asepromazini kwanza ndo aonwe, ilikuwa ni utaratibu wao. Madume wanne nilijaribu kuwatoa mbegu pale kwa wiki mbili, medetomidini nikaongezea juu, mpira nikaingiza vizuri, nikatoka na kavu au mkojo. Nilikuwa naona aibu mbele ya wenye paka. Nilipokaa nikaifuatilia ile dawa inafanya nini mwilini ndo nikaelewa, na toka siku hiyo nikiletewa dume nauliza kwanza kapewa nini leo na jana.

Zailazini je? Ndo iliyojaa kwenye maduka yetu ya mifugo maana inatumika kwa ng'ombe, na watu wa huku wananiuliza kila siku. Iko kundi hilohilo ila haichagui alfa-2 vizuri kama medetomidini, paka karibu wote wanatapika, na chupa nyingine ni za nguvu ya farasi, miligramu 100 kwa mililita, wakati ile ya kawaida ni 20. Ukivuta kwenye chupa ya farasi kwa mazoea ya chupa ya kawaida umempa paka mara tano. Mi kwa kutoa mbegu siitumii. Naagiza medetomidini Dar nasubiri, wiki mbili hata tatu, bora nimwambie mtu paka wake aje mwezi ujao.

Kabla ya sindano

Nieleze kwa dume mmoja ili ieleweke. Mama mmoja mtu mzima wa Ngamiani aliniletea dume wake mweupe mwenye manyoya mengi, anamwita Sultani, kamleta kwenye kapu la ukindu na khanga juu. Alikaa kitini kashika kapu magotini hataki kuliachia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Dokta, hutaniulia Sultani wangu?"

Nikamwambia bibi ngoja kwanza nimsikilize moyo, nisipouridhia hatuendelei, unarudi nae nyumbani. Na hilo nalisema nikilimaanisha. Medetomidini inabana mishipa ya damu na kuupunguza moyo mwendo, paka mwenye moyo mgonjwa anaweza asiamke, na paka wa Kiajemi ni miongoni mwa wanaopata ugonjwa wa misuli ya moyo kuwa minene. Nikisikia mvumo au mapigo yanaruka, sichomi. Figo mbovu, ini bovu, kisukari, paka aliyekonda au anayeharisha, sichomi. Dume mwenye historia ya kuziba mkojo pia simwingizii mpira kwa ajili ya mbegu hata siku moja, njia yake ilishaumia tayari.

Chakula akatiwe usiku, asubuhi asile, maji aachiwe mpaka saa moja au mbili kabla. Hii dawa inatapisha paka na akitapika akiwa nusu usingizi matapishi yanaingia kwenye mapafu. Wenye paka wanadanganya sana hapa kwa huruma, "nimempa dagaa wawili tu dokta", basi hata dagaa wawili tunaahirisha. Na siku tatu nne kabla asikutane na jike, ili mbegu zijae.

Alafu uzito. Usikadirie. Sultani kwa macho ungesema kilo sita, yale manyoya yanadanganya, nilipomtundika na kapu lake kwenye mizani ile ya kuning'iniza ya kliniki za watoto na kutoa uzito wa kapu ilikuja kilo 4.2. Tofauti ya kilo karibu mbili kwa dawa hii ni kubwa mno.

Kipimo

Medetomidini kwa kutoa mbegu ni kipimo cha juu kuliko cha kumlaza paka kawaida. Kumshika tu kwa kazi ndogo watu hutumia hata maikrogramu 50 kwa kilo, ila kwa mbegu kazi za Bologna zilienda kwenye 130 mpaka 140, na wengi wanafanya kati ya 100 na 150, ndani ya msuli. Sultani nilimpa 130. Hesabu yake: 4.2 mara 130 ni maikrogramu 546, chupa ina miligramu 1 kwa mililita, kwa hiyo unavuta mililita 0.55. Tumia sirinji ya mililita 1 yenye vimistari vya 0.01, ile ya mililita 5 huwezi kusoma kitu. Ukiwa na deksmedetomidini, yenyewe ina nguvu mara mbili, maikrogramu zinakuwa nusu, na kwa kuwa chupa yake ya kawaida ni miligramu 0.5 kwa mililita basi ujazo unaovuta unakuja uleule. Soma chupa mara mbili, mtu wa pili asome pia, mi hata nikiwa peke yangu namwomba mwenye paka anisomee namba kwa sauti. Bibi alinisomea, alivaa miwani kabisa.

Na dawa ya kumwamshia, atipamezoli, inavutwa wakati huohuo kabla hujamchoma, inawekwa pembeni na karatasi ya jina. Maikrogramu zake ni mara mbili na nusu ya medetomidini, na chupa yake ina miligramu 5 kwa mililita, kwa hiyo njia fupi ya kukumbuka ni nusu ya ujazo wa medetomidini. Kwa Sultani ni 0.27. Kama hauna atipamezoli siku hiyo, usifanye. Sio dharura, mbegu zitakuwepo wiki ijayo.

Nachoma kwenye msuli wa mgongo pembeni ya uti au mbele ya paja, sio nyuma ya paja ambako kuna mshipa mkubwa wa fahamu. Alafu, na hili ndo linapuuzwa kuliko yote, mwache. Chumba kimya, mwanga umefifia, khanga ya mwenyewe juu ya kapu, hakuna kupiga simu hapo, hakuna mbwa anabweka chumba cha pili. Paka aliyetishika anamwaga adrenalini na dawa hii inashindwa kazi, analala nusunusu, mtu anaona haijamshika anaongeza nyingine, na hapo ndo ajali zinaanzia. Sultani alitapika dakika ya nne, mate ya povu tu, kisha akalegea shingo, dakika ya kumi na mbili alikuwa kalala kabisa.

Akishalala

Macho yanabaki wazi hayapepesi, weka mafuta ya macho mara moja la sivyo yanakauka na kupata kidonda. Fizi zitapauka kuwa nyeupe, usiogope, ni mishipa imebana, na kwa sababu hiyohiyo kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kwenye ulimi kinaweza kusoma vibaya. Sikiliza moyo kwa sikio lako. Paka mwenye wasiwasi mezani ana mapigo kama 180 au 200 kwa dakika, na dawa hii inayashusha karibu nusu, hilo linategemewa. Mi nikisikia yako chini ya 60, au pumzi zinakuwa za kutafuta, naacha kila kitu namwamsha, mbegu basi. Usimpige atropini, dawa ya kuharakisha moyo, kwa kuona mapigo yako chini, presha ya damu kwa wakati ule iko juu, ukiulazimisha moyo ukimbie dhidi ya mishipa iliyobana unauumiza.

Joto. Watu wa Tanga hatufikirii mtu kupata baridi, mwezi wa pili hapa ni jasho tupu, ila paka aliyelala na hii dawa hajitengenezei joto lake na sisi tunamwashia feni kichwani kwa kujionea huruma wenyewe. Niliwahi kupima dume mmoja mchana wa jua kali, katoka 38.5 kafika 36.4 ndani ya dakika arobaini kwa feni ya dari tu. Zima feni. Chupa mbili za maji ya moto zifunge kwa kitambaa, moja kila upande, zisiguse ngozi moja kwa moja.

Kibofu kikague mapema kwa kupapasa tumbo, kabla hata ya sindano. Kama kimejaa, mwache kwanza akojoe kwenye trei yake. Ukikuta kimejaa akiwa keshalala, usikikamue kwa mkono, utasukuma mkojo kwenye njia ileile zilipo mbegu na mkojo unaziua, mwenye uzoefu akitoe kwa sindano nyembamba kupitia tumboni.

Sasa mpira. Tunatumia ule mpira wa mkojo wa paka dume namba 3, wenye tundu mbele na sio pembeni. Ukiupata wenye tundu pembeni kata ncha kwa wembe mpya alafu ulainishe makali kwa joto kidogo, upitishe kidoleni usikie, kama unakwaruza kidole utakwaruza na njia yake. Weka alama ya kalamu sentimita 9 toka nchani. Uume wa paka unaangalia nyuma na una vijimiiba, unausukuma utoke kwenye ngozi taratibu, unaupangusa kwa maji ya chumvi ya dripu yaliyo vuguvugu, unakausha kwa shashi, kisha unauvuta kidogo kuelekea nyuma ili njia inyooke. Ingiza mpira ukiuzungusha baina ya vidole, bila nguvu. Ukigoma, rudisha, nyoosha tena. Sentimita 9 inatosha, ukizidi unaingia kwenye kibofu na umeharibu.

Ukifika kwenye alama usivute na sirinji. Subiri sekunde chache tu, mbegu zinapanda zenyewe kwenye mpira kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ziba nyuma kwa kidole, toa polepole. Ndani ya mpira utaona kijimstari cheupe kama maziwa, urefu wa kucha. Ndo hicho. Wanafunzi huwa wananiangalia kama nimewadanganya. Ni kama maikrolita 10, sehemu ya mia ya mililita moja, ila ni nzito ajabu, mililita moja ya aina hiyo ingekuwa na mbegu zaidi ya bilioni, kwa hiyo kile kijimstari kina mbegu milioni kumi na kitu hata ishirini. Kama ni njano, ni mkojo. Unaweza kurudia mara moja au mbili kwa mpira mpya, baada ya hapo mwache.

Kabla hujamgusa paka uwe ushaandaa kichupa kidogo chenye maji ya kuhifadhia, yale ya trisi (kemikali ya kuzuia uchachu usibadilike) na kiini cha yai, kama maikrolita 100 hivi, kwenye bakuli la maji ya nyuzi 37. Puliza ule mstari uingie mle taratibu. Hakuna maji ya bomba popote, hakuna spiriti, hakuna sabuni iliyobaki kwenye kioo, tone moja la maji matupu mbegu zinavimba na mikia inajikunja. Sirinji zenye mpira mweusi ndani usihifadhie mbegu humo, zinaziua polepole. Umeme ukikatika, na hapa utakatika, chupa ya chai yenye maji ya vuguvugu na kipimajoto inatosha kuokoa kazi.

Weka tone kwenye kioo kilichopashwa, tazama kwa hadubini, kwanza zinazotembea ni ngapi katika mia, kisha maumbo.

Na kama dume mwenyewe anahasiwa siku hiyohiyo, usitupe zile kende. Mirija ya kuhifadhia ina mbegu nyingi, unaikatakata kwenye maji yaleyale ya vuguvugu zinaogelea zenyewe kutoka. Naumia nikiona ndoo ya kende za paka kwenye kampeni ya kuhasi wakati kuna wanafunzi hawajawahi kuona mbegu ya paka kwa macho yao.

Njia ya umeme sitaeleza sana. Inahitaji nusu kaputi kamili, kijiti chenye vyuma kinaingia nyuma na kumpiga vishtuko mara themanini hivi kwa volti 2 mpaka 5, inatoa ujazo mkubwa zaidi na ndo iliyotumika kwa simba miaka mingi, lakini mashine ni ghali na mnyama akilala vibaya anasikia. Uke wa bandia nao ni mzuri, hauna dawa kabisa, ila inabidi umfundishe dume wiki mbili tatu na uwe na jike mwenye joto pembeni, na sio kila dume anakubali.

Kumwamsha

Ukishamaliza tu, atipamezoli ndani ya msuli, sio kwenye mshipa. Dakika tano mpaka kumi anainua kichwa. Kama ulichanganya ketamini subiri dakika 40 hivi tangu uichome ndo umwamshe. Kaa nae. Paka wengine wanaamka vizuri alafu wanarudi kulala nusu saa baadae, kwa hiyo mi simkabidhi kwa mwenyewe mpaka atembee na ageuke nikimwita, na joto lipite 37.5. Chakula ni jioni, kidogo. Akienda kwenye trei mara kwa mara bila kukojoa, au mkojo una damu, arudishwe usiku huohuo, asisubiri asubuhi, dume aliyeziba mkojo anaweza kufa ndani ya siku chache.

Kwa upande wako wewe unayechoma: usirudishe kifuniko kwenye sindano ya medetomidini kwa mkono. Ukijichoma inakushusha presha na kukulaza, nenda hospitali na chupa mkononi waione, na usiendeshe pikipiki wala gari, mtu akupeleke. Mwenzio mjamzito asiishike dawa hii kabisa, inaweza kubana mji wa mimba. Na chupa zisikae kwenye buti la gari wala kwenye bajaji juani toka Dar mpaka Tanga, ukiletewa hivyo rudisha.

Sultani alitoa mbegu za kutosha na zilikuwa zinatembea vizuri, sabini katika mia kwa jicho langu. Maumbo ndo yaliniangusha moyo. Nilihesabu mia mbili nikapata zenye umbo zuri robo tu, nyingine mikia imejikunja, nyingine kichwa kidogo, nyingi zina tone shingoni kama hazijakomaa. Paka wa kawaida tunataka angalau sitini katika mia ziwe nzuri. Nilimwita bibi aje aangalie mwenyewe kwenye hadubini, akaangalia muda mrefu, akasema "kumbe zinacheza".

Nikamuuliza kama Sultani aliugua karibuni, akafikiri, akasema mwezi uliopita alikuwa na homa na mafua hali siku tano, alidhani ni sumu ya panya. Basi hapo kuna matumaini. Mbegu ya paka inachukua kama siku 47 kutengenezwa kwenye kende, bado siku za kupita kwenye mrija, kwa hiyo tunazoziona leo zilianza kutengenezwa kabla ya homa au katikati yake. Nikampa tarehe miezi miwili mbele, nikamwandikia kwenye karatasi kipimo nilichotumia, saa aliyolala na saa aliyoamka, ili hata akimpeleka kwa daktari mwingine ajue Sultani anaivumilia vipi hii dawa. Akaikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la khanga, akambeba paka wake na kapu, akaniuliza kama leo jioni anaweza kumpa changu wa kuchemsha bila chumvi. Nikamwambia kipande kidogo, baada ya magharibi.